Kutoka Bara hadi Bahari: Matembezi ya Mjini Bagamoyo na Maneno Yaliyofika Katavi

Mkazi wa kata ya Kashaulili, mjini Mpanda, akisema kwamba karani fulani ameomba hongo, au kwamba wajumbe wa kikao wamelipwa posho, anatumia maneno mawili ambayo babu wa babu yake aliyasikia kwa maana nyingine. Zama hizo hongo haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru wa halali ambao mkuu wa msafara aliulipa kwa mtemi ili aruhusiwe kupita katika nchi yake. Posho nayo haikuwa bahasha ya fedha, bali kipimo cha chakula, au kitambaa cha kununulia chakula, alichopewa mchukuzi wa mizigo kwa siku zake za njiani. Maneno haya yalisambaa Unyamwezi, Ukonongo, Upimbwe na hadi mwambao wa Ziwa Tanganyika kwa miguu ya watu, na miguu hiyo ilikuwa na mwanzo na mwisho wake katika mji mmoja wa pwani, Bagamoyo.

Mhadhara huu unahusu matembezi katika mji huo. Ni matembezi mepesi, kwani ardhi yake ni tambarare na mtu mwenye afya ya kawaida huyamaliza kwa nusu siku, akipumzika njiani atakapo. Hata hivyo, yapo masuala mawili ambayo mwanaisimu hawezi kuyapita kimya. Kwanza ni upande wa kuanzia. Pili ni jina la mji wenyewe, ambalo wageni wengi huelezwa maana yake kwa namna isiyolingana na Kiswahili kinavyosema. Masuala haya mawili kwa hakika ni moja, kama itakavyoonekana.

Mahali pa kuanzia

Wageni wengi hufika Bagamoyo kwa barabara kutoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 70, na hupelekwa moja kwa moja misheni au ufukweni. Wanaanza, kwa maneno mengine, pale alipoanzia Mzungu aliyeshuka chomboni. Mji huu lakini haukujengwa kwa ajili ya mtu aliyetoka baharini peke yake. Ulistawi kwa sababu ya mtu aliyetoka bara na mzigo begani, na ni heri kuutembea kwa kufuata nyayo zake: kuanzia kwenye kituo cha misafara, kupita mtaa wa biashara, kufika forodhani, kisha kumalizia misheni.

Kituo cha misafara, ambacho leo hujulikana sana kwa jina la Caravanserai, ni jengo lenye uwanja katikati, na ndani yake zimewekwa picha za kale. Ukubwa wake haumshangazi mtu. Yafaa kukumbuka kwamba hapa palikuwa kitovu tu, na kwamba katika msimu wa misafara wapagazi walipiga kambi pande zote za mji. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 walifika kwa makumi ya maelfu kwa mwaka. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi na jirani zao, Wasukuma, Wasumbwa na Wakonongo, na walio wengi walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, ambao kwa kawaida ulilipwa kwa vitambaa. Walishusha pembe za ndovu, wakapandisha merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba. Kipimo chao kilikuwa frasila, yaani ratili 35 au takriban kilo 16, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili. Mwenye kutaka kujua uzito huo na abebe mfuko wa unga wa kilo 25, aongeze kilo saba, kisha ajiulize kama angefika nao Tabora.

Neno pagazi lenyewe lastahili kusimamiwa kidogo. Kitenzi chake ni kupagaa, yaani kuchukua mzigo begani, nacho ni kitenzi cha Kibantu kilichopata nguvu katika Kiswahili kutokana na Wanyamwezi waliokuwa mabingwa wa kazi hiyo. Kutoka mzizi huo huo tunapata kupagawa. Aliyepagawa na pepo ni aliyefanywa chombo cha kuchukuliwa au kupandwa, na katika fikra za wenye lugha mzigo na pepo havikuwa mbalimbali sana. Kwa upande wa pili, mchukuzi wa bandarini huitwa hamali, neno lenye asili ya Kiarabu. Hivyo lugha iligawa kazi moja katika sehemu mbili: hamali alichukua kutoka chomboni hadi ghalani, pagazi alichukua kutoka ghalani hadi bara. Mstari uliowatenganisha ulipita ndani ya mji huu, na mtembezi ataweza kuuvuka kwa miguu yake.

Maneno mengine ya njia hiyo yamebadilika kwa kiasi kikubwa. Kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara na kuamua mahali pa kulala, ni ndugu wa kiongozi wa leo. Hongo, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliilalamikia zaidi walipokuwa Ugogo, ilipoteza uhalali wake pale watemi waliponyang'anywa mamlaka na Wajerumani. Ushuru usio na mtawala anayetambuliwa na serikali hugeuka kuwa rushwa, na neno likafuata siasa. Posho imetawanyika zaidi: Tanzania ni malipo ya kikao au ya safari, ilhali Uganda ni ugali wa mahindi. Mganda na Mtanzania wakialikwa kwenye posho huenda wakafika na matarajio tofauti.

Jina la mji

Karibu kila mgeni huambiwa kwamba Bagamoyo maana yake ni kilio cha mtumwa: bwaga moyo, uache moyo wako hapa, kwani nchi yako hutaiona tena. Maelezo haya yameandikwa katika vitabu vya watalii na hurudiwa kwa nia njema. Yanagusa, nayo yanahusu dhuluma iliyotendeka kweli. Swali ni kama lugha inayakubali.

Umbo la jina halina utata mkubwa. Ni sentensi ya amri iliyogandishwa kuwa nomino, bwaga moyo, na kiyeyusho w kimedondoka kama kinavyodondoka katika usemi wa kila siku ambapo bwana huwa bana. Utata uko katika maana. Kitenzi kubwaga huandamana na kitu ambacho mtu alikuwa amekichukua: hubwagwa mzigo, hubwagwa silaha, na mganga aliyeacha kazi hubwaga manyanga. Anayebwaga huondokewa na uzito. Kwa hiyo kubwaga moyo ni kuutua, kuupumzisha, kuuondolea wasiwasi. Kwa aliyekata tamaa Kiswahili kina semi zake nyingine zilizo wazi: huvunjika moyo, hufa moyo, hukata tamaa. Ingekuwa ajabu kwa watu wenye semi zote hizo kuziacha na kuchagua kitenzi cha kupumzika ili waeleze msiba mkubwa kuliko yote.

Zaidi ya hayo, amri humhitaji msemaji na msemwa. Nani alimwambia nani abwage moyo? Katika maelezo ya kilio, mateka anajiamrisha mwenyewe, na kwa Kiswahili, lugha ambayo huenda hakuijua. Katika maelezo ya pili msemaji ni mpagazi anayemwambia mwenzake, au anayejiambia mwenyewe, kwamba baada ya miezi kadhaa njiani wamefika, na mzigo na wasiwasi vitue pamoja. Upo wimbo wa wapagazi ulionukuliwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19 unaoutaja mji huu kama mji wa minazi na mahali pa furaha. Mtu hatungi wimbo wa namna hiyo kuhusu mahali ambapo jina lake analisikia kama kilio.

Historia nayo inaelemea upande huo. Bandari kuu ya kusafirishia watumwa katika pwani hii katika karne ya 19 ilikuwa Kilwa. Utajiri wa Bagamoyo ulitokana hasa na pembe za ndovu. Hii haina maana kwamba mateka hawakupita hapa. Walipita, wakauzwa, na baadhi yao walikombolewa na mapadri ambao makazi yao tutayafikia mwishoni mwa matembezi. Wala mkataba wa mwaka 1873, ambao kwao Sultani Barghash wa Zanzibar alipiga marufuku biashara ya watumwa baharini, haukuimaliza biashara hiyo mara moja. Linalopingwa hapa ni jambo dogo zaidi lakini zito: jina likikabidhiwa kilio peke yake, mpagazi huru hutoweka katika mji alioujenga kwa mgongo wake. Mgeni kutoka Inyonga au Mpanda, ambaye mababu zake huenda walifika hapa kwa hiari, wakalipwa, wakacheza ngoma na kurudi nyumbani na doti za nguo, anaambiwa kwamba mtu wa bara hakuwahi kuingia Bagamoyo ila na mnyororo shingoni. Huo si ukweli, na si haki kwake.

Yafaa kumtaja hapa shahidi mmoja wa mji wenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Kitabu chake Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 chini ya uhariri wa Carl Velten, kinaeleza maisha ya watu wa pwani hii kuanzia kuzaliwa hadi mazishi, pamoja na biashara na safari za bara. Alifariki Berlin mwaka 1927. Mtembezi anayeweza kukipata kitabu hicho akisome kabla ya kusoma kijitabu chochote cha watalii.

Ngome, Boma na Mtaa wa India

Kutoka kituo cha misafara matembezi yanaelekea upande wa bahari. Ngome Kongwe ilijengwa mwaka 1860 na mfanyabiashara wa Kiarabu kama nyumba, kisha ikatumiwa na Wajerumani kama kambi ya askari na na Waingereza kama gereza. Kuta zake nene zinaeleza yote hayo bila msaada.

Kutoka hapo mtembezi anaingia Mtaa wa India, ambao ulikuwa moyo wa biashara. Milango ya kuchonga na baraza za nje zingalipo katika baadhi ya nyumba, ingawa nyingine ni magofu ambamo mitini imeota ukutani. Jina la mtaa linakumbusha wafanyabiashara wa Kihindi waliokopesha bidhaa, wakanunua pembe na kuajiri wapagazi kwa niaba ya wengine. Mashuhuri kati yao ni Sewa Haji Paroo. Henry Morton Stanley, aliyeondoka Bagamoyo Machi 1871 kumtafuta Livingstone, alipata wapagazi kwa msaada wake na akamlalamikia sana katika kitabu chake, ingawa Sewa Haji alikuwa bado kijana wa miaka 20 hivi. Safari hiyo ya Stanley, baada ya njia ya kawaida ya kutoka Tabora kufungwa na vita vya Mirambo, ilizunguka kusini na kupita Ukonongo, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo imo katika Mkoa wa Katavi. Sewa Haji yeye alikuja kuheshimika. Mwaka 1896 aliwapa Wajerumani jengo la shule mjini Bagamoyo kwa sharti kwamba lipokee watoto bila kubagua rangi, na jina lake lingali likitajwa kila siku katika wodi za Hospitali ya Muhimbili.

Katika mtaa huo huo ipo nyumba iitwayo Liku, iliyokuwa makao ya kwanza ya utawala wa Kijerumani kuanzia 1888, na baadaye Boma lililojengwa mwaka 1897. Hapa panahitajika onyo dogo la kiisimu. Wapo wanaofundisha kwamba neno boma ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yahusuyo utawala wa makoloni. Si hivyo. Stanley analitumia neno hilo katika kitabu chake cha mwaka 1872 akimaanisha ua wa miiba au wa magogo unaozunguka kambi, na Wajerumani waliliita jengo hili Boma miaka mingi kabla Waingereza hawajaitawala Tanganyika. Ni neno la Kiafrika lililopanda cheo, kutoka ua wa kuzuia fisi hadi ofisi ya mkuu wa wilaya.

Mwaka ule ule wa 1888 pwani iliwaka moto wa vita vinavyohusishwa na jina la Abushiri bin Salim. Mjini Bagamoyo upo mnara unaowakumbuka walionyongwa na Wajerumani. Abushiri mwenyewe hakunyongwa hapa bali Pangani, tarehe 15 Desemba 1889, jambo ambalo baadhi ya waongoza watalii hulichanganya.

Forodhani

Forodha ya mwaka 1895 iko ufukweni, na karibu yake wavuvi huuza samaki. Asiyewahi kuona bahari, na Katavi wako wengi wa namna hiyo ambao bahari yao ni Ziwa Tanganyika, atafanya vyema kufika hapa maji yakiwa yamekupwa. Ataona mchanga na matope vikienda mbali, na jahazi zimelalia ubavu au zimetia nanga nje kabisa. Hapo ndipo ataelewa kwa nini mahamali walihitajika, kwani mizigo na hata abiria walibebwa mabegani katika maji ya magoti hadi kiunoni. Ataelewa pia kwa nini mji ulishindwa. Meli kubwa hazikuweza kukaribia, na mwaka 1891 Wajerumani wakahamishia makao yao Dar es Salaam, penye bandari yenye kina. Reli ya kati ilianzia huko mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Treni moja ilichukua mizigo ya maelfu ya wapagazi, na kambi za Bagamoyo zikaota majani. Tawi la reli hiyo kutoka Kaliua lilifika Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya madini ya risasi, na likawafikishia watu wa huko mizigo iliyotoka bandari nyingine.

Misheni

Sehemu ya mwisho ni njia ya miembe iendayo misheni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu. Kivuli chake ni neema saa za adhuhuri. Mapadri hao walifika Machi 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Si hao tu walioufanya mji kuwa lango la dini. Wamisionari wa Afrika, wajulikanao kama Mapadri Weupe, walianza msafara wao wa kwanza kutoka Bagamoyo mwaka 1878. Mwaka 1885 walikabidhiwa kituo cha Karema, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Katavi, kilichoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1879. Mkristo wa Karema na wa Mpanda anapotembea chini ya miembe hii yuko katika njia ya kwao.

Uani mwa misheni upo mbuyu uliopandwa mwaka 1868, na mnyororo umezama katika shina lake. Wageni huuona na mara moja huuita mnyororo wa watumwa. Kwa mapokeo ya misheni, ulifungwa na bibi mmoja wa Kifaransa, Madame Chevalier, ili punda wake asitoroke, naye mbuyu ukanenepa ukaumeza. Ni mfano mwingine wa kitu kinachosomwa kabla hakijaulizwa.

Kwa wapenzi wa lugha, misheni hizi zina umaarufu mwingine. Padri Charles Sacleux, aliyefanya kazi Zanzibar na Bagamoyo katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, alikusanya maneno ya lahaja za Kiswahili kwa uvumilivu usio wa kawaida. Sarufi yake ya lahaja ilitoka mwaka 1909, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ikachapishwa Paris kati ya 1939 na 1941. Hadi leo, mtafiti anayetaka kujua neno lilitamkwaje Mvita au Ngazija kabla ya Kiswahili sanifu hana budi kuifungua.

Mnara wa kanisa la kwanza, lililojengwa mwaka 1872, ndipo ulipolazwa mwili wa David Livingstone mnamo tarehe 24 Februari 1874. Alikuwa amefariki tarehe 1 Mei 1873 katika nchi iitwayo leo Zambia. Chuma, Susi na wenzao zaidi ya 60 waliutoa moyo wake wakauzika kule kule, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa magome na kitambaa kama mzigo wa kawaida, kisha wakaupagaa kupitia Ufipa na Unyanyembe hadi pwani kwa muda wa miezi tisa hivi. Baada ya kuukabidhi, meli ya Kiingereza iliupeleka Zanzibar, na mmoja wao tu, Jacob Wainwright, alisafiri nao hadi Uingereza. Wengine walilipwa ujira wao wakatawanyika.

Magofu ya Kaole, yenye misikiti miwili na makaburi ya mawe, yako kilomita zipatazo tano kusini mwa mji, na msikiti wake wa kale unakadiriwa kuwa wa karne ya 13. Burton na Speke walianzia huko safari yao ya mwaka 1857, kabla jina la Bagamoyo halijaifunika Kaole. Njia yake ina jua kali, kwa hiyo ni bora kuiachia asubuhi ya pili, kwa baiskeli au bajaji.